Baba Kocha Aanguka Tena

Mara ya kwanza kinyozi alianguka bila kukusudia, na hilo aliwaeleza watu mpaka koo likamkauka.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ualimu cha wasichana, na ndiye aliyekuwa kocha wa timu yao ya mpira wa kikapu. Siku ya mechi ya kwanza ya msimu alisahau kipenga mezani, kando ya kikombe cha chai. Mama yake kinyozi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, akakiona, akakibeba mpaka kwenye banda la mwanawe la kunyolea.

"Mkeo atawaitaje watoto wa watu?" akauliza. "Atapiga mluzi kama mchunga mbuzi?"

Kinyozi akatupa mkasi, akatoka mbio vilevile na koti lake jeupe la kazi, nywele za wateja zikipeperuka nyuma yake.

Hizo zilikuwa enzi za sketi. Wasichana walicheza na sketi zilizofika magotini na raba za turubai zilizopakwa chaki zionekane mpya. Kikapu chenyewe kilikuwa pete ya chuma aliyoifua mhunzi, ikapigiliwa kwenye mlango wa zamani ambao kitasa chake hakuna aliyejisumbua kukitoa. Kinyozi alipofika uwanjani, timu ya mkewe ilikuwa inapigwa kipigo cha aibu. Wasichana walikuwa wamekaza miili kama vigingi. Kila aliyepokea mpira aliutupa upesi kana kwamba unaunguza.

"Kipenga hiki hapa!" kinyozi akapaza sauti, mkono juu. Hakuiona kamba iliyozuia watazamaji. Mguu wa kushoto ukabaki huku, wa kulia ukaenda kule, na yeye mwenyewe akaenda kukaa kitako ndani ya ndoo ya maji ya wachezaji. Aliingia mzima. Alipojaribu kusimama, ndoo ikasimama naye.

Nahodha wa timu, msichana mrefu ajabu aliyeitwa Ngongoti, alicheka mpaka akachuchumaa katikati ya uwanja. Mwenzake mfupi, waliyemwita Kisoda, akashika mbavu. Ikawa timu nzima inacheka, na mwamuzi anacheka, na wawili wakaivuta ndoo huku wawili wakimvuta kinyozi. Mchezo ulipoendelea, vigingi vilikuwa vimegeuka wasichana. Wakakimbia, wakapeana mpira, wakafunga. Wakashinda.

Jioni mkewe alimkanda kiuno kwa maji ya moto, akijitahidi kuuma midomo asicheke.

"Pole sana, mume wangu."

"Cheka tu. Watu wote wamecheka, wewe ni nani usicheke?"

Basi akacheka. Bi Mkubwa peke yake ndiye aliyenuna. "Mwanaume mzima," akasema, "ndani ya ndoo. Baba yako hakuanguka hata siku anakufa. Alikufa amekaa."

*

Ingeishia hapo, lakini mechi ya pili ilichezwa kinyozi akiwa kazini. Alikuwa anamnyoa karani wa benki, mtu wa heshima zake aliyetaka ndevu zote ziondoke. Shavu moja limekwisha, la pili bado lina povu, ndipo wasichana wawili wa chuo wakaingia na baiskeli mpaka ndani ya banda.

"Baba Kocha, tunapigwa!"

"Sasa mimi nifanyeje? Mimi ni kinyozi."

"Njoo usimame tu. Ngongoti anasema mikono imemganda."

Kinyozi akamtazama karani. Karani, ambaye kumbe alikuwa mpenzi wa mpira huo, akasema, "Twende, nitamaliziwa baadaye," akatoka na kitambaa shingoni na povu lake shavuni.

Njia nzima kinyozi alijiapiza kwamba leo haanguki. Akasimama mbali na kamba, mbali na ndoo, miguu ameitanua, mkono mmoja ameshika mti. Mpira ukaponyoka mikononi mwa Kisoda, ukadunda mara moja, ukampiga kinyozi usoni. Nyuma yake kulikuwa na karai la chokaa ya kuchorea mistari. Alipoinuka alikuwa mweupe kuanzia kiunoni hadi visiginoni, na wasichana walikuwa wameshaanza kucheka.

Walishinda tena. Karani wa benki alirukaruka na nusu ya ndevu zake, na kesho yake benki nzima ilitaka kujua ilikuwaje.

Kuanzia hapo jambo likawa ni kawaida, na kawaida ikawa sheria. Msimu ule timu ya chuo iliwapiga wauguzi, ikawapiga makarani wa reli, ikawapiga wasichana wa chuo cha biashara ambao hawakuwahi kupigwa na yeyote. Na kila mechi, kwa namna moja au nyingine, mume wa kocha alikwenda chini. Mara nyingine aliteleza kweli. Mara nyingine Ngongoti alimkazia macho ya huruma kutoka katikati ya uwanja, naye akajiegemeza kwenye kitu alichojua fika kwamba hakiegemeki.

Jina lake likapotea. Watu wazima wakamwita Baba Kocha, na watoto wakamfuata barabarani kimyakimya, wakisubiri. Akiinama kufunga kamba ya kiatu, wanapiga makofi. Wateja walijaa bandani, ila nusu yao hawakuwa na nywele za kunyoa. Walikaa tu kwenye benchi wakimtazama. Siku moja gazeti la mji likatoka na habari ndogo pembeni, chini ya bei za mahindi: BABA KOCHA AANGUKA TENA, WASICHANA WASHINDA.

Hata Bi Mkubwa aligeuka. Mwanzoni alikuwa akienda uwanjani na kigoda chake ili amwonee mwanawe aibu kwa karibu. Baadaye akawa fundi wa mambo hayo.

"Leo umeanguka kivivu," alimwambia wakati wa chakula. "Ile ya juzi ndiyo ilikuwa na uzito. Ulirusha mikono."

"Mama, naomba chumvi."

"Nakwambia kwa faida yako. Mikono, mwanangu. Mtu anayeanguka hakunji mikono."

Kocha alikuwa ameinamia meza. Alikuwa akichora mistari ya mchezo kwenye karatasi, akifuta, akichora tena. Kinyozi alimtazama akawaza: angalau huyu hanitanii. Huyu ananionea huruma.

*

Siku moja kabla ya fainali, kinyozi alirudi nyumbani mapema kuchukua wembe aliousahau. Akamkuta mkewe amekaa kwenye kitanda, ameshika viatu vyake, yaani viatu vya kinyozi, vile vyeusi vya kutokea. Mkono wa pili alikuwa na mshumaa. Alikuwa anasugua mshumaa kwenye soli, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni.

Wakatazamana.

"Unafanya nini?" kinyozi akauliza, ingawa alikuwa anaona.

"Nang'arisha viatu."

"Chini?"

Mkewe akaangalia soli, akaangalia mshumaa. Hakukuwa na pa kukimbilia.

"Umeanza lini?" akauliza kinyozi, sauti imeshuka.

"Tangu mechi ya wauguzi."

"Kumbe! Nami najiuliza mbona siku hizi nateleza hata kwenye vumbi! Mke wangu wa ndoa ananipaka nta nianguke mbele za watu! Watoto wananifuata barabarani. Muuza mkaa ananiuliza kama nitaanguka sikukuu ili awalete shemeji zake. Nimenyamaza, nikasema potelea mbali, mke wangu anafurahi. Kumbe mwenyewe ndiye unayenisukuma!"

"Usipige kelele, mama anasikia."

"Asikie! Na kesho siendi. Umenisikia? Nitakaa bandani kwangu, nitanyoa watu wenye nywele."

Mkewe akavitupa viatu sakafuni. Kimoja kikateleza mpaka chini ya kabati.

"Usiende!" akasema. "Tena nitafurahi usipokwenda. Unadhani ni wewe tu unayechekwa? Nimewafundisha wale wasichana tangu hawajui kudunda mpira. Ngongoti alikuwa anaogopa mpira, anafumba macho. Nimekesha na mistari yangu. Wakishinda, gazeti linasema Baba Kocha aanguka. Baba Kocha! Kocha mwenyewe hakutajwa hata herufi moja. Niliisoma mara mbili, nikasoma mpaka bei za mahindi labda nimewekwa huko."

Kinyozi akainama kukitafuta kiatu chini ya kabati.

"Na Mkuu wa Chuo ameniambia kombe lisipokuja, kwenye uwanja ule atajenga bohari la viti," mkewe akaendelea. "Anasema msichana anayeruka hawezi kufundisha watoto kukaa. Kwa hiyo kesho tukishindwa, basi, hakuna kikapu tena."

"Hukuniambia."

"Nikuambie ili iweje? Ili uanguke zaidi?"

"Sasa kama unaona ni upuuzi, nta ya nini?"

Kocha akajifuta pua kwa kiganja. "Ndiyo hiyo inayoniuma. Najua ni upuuzi. Mimi mwalimu wa hesabu! Nasimama ubaoni nawafundisha watu kuthibitisha. Halafu nikirudi nyumbani, nachukua mshumaa."

Kutoka chumba cha pili sauti ya Bi Mkubwa ikapenya ukutani: "Mshumaa haufai. Ungetumia sabuni."

*

Siku ya fainali kinyozi alifungua banda lake asubuhi, akapanga mikasi, akanoa wembe ambao ulikuwa umeshanolewa. Hakuna aliyekuja. Mji mzima ulikuwa umekwenda uwanjani. Hata muuza mkaa alifunga. Kelele zilimfikia kwa upepo, zinapanda, zinashuka, naye hakujua ni kelele za upande gani. Akajinyoa. Alipomaliza akajikuta ameshavaa koti.

"Naenda kumsindikiza mama kurudi," alijiambia kwa sauti, ingawa Bi Mkubwa alijua njia kuliko yeye. Alivaa ndara. Viatu vyeusi alikuwa amevikwepa tangu asubuhi kama nyoka.

Langoni kwa uwanja walikuwa wakimngoja wanaume wawili, wapagazi wa stesheni, kila mmoja na mabega ya kubebea kabati. Walivaa vitambaa vya kijani, rangi ya timu ya wapinzani, chuo cha mabinti wa mji wa pili, waliokuwa mabingwa miaka nenda miaka rudi.

"Karibu, Baba Kocha," wa kwanza akasema kwa adabu tele. "Tumekuandalia kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti cha wageni. Usijisumbue kutembea, kuna mawe."

Wakamwinua, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, na ndara zake zikaelea hewani mpaka pembeni ya uwanja. Kiti kilikuwa kiti cha sofa kabisa, kimetolewa sebuleni kwa mtu, kina mito mitatu na miguu iliyofukiwa ardhini kidogo ili kisiyumbe. Wakamkalisha, wakakaa huku na huku kwenye masanduku, kila mmoja na mkono wake begani kwa kinyozi.

"Tumeagizwa usidhurike," akasema wa pili. "Mpira ukija, sisi tutaudaka."

Umati ukamwona. Upande wa kijani wakapiga makofi. Upande wa chuo ukaguna kama ng'ombe aliyenyimwa maji. Uwanjani Ngongoti akageuka kuangalia, na mpira aliokuwa anapasiwa ukampita sikioni.

Kocha naye akamwona. Alikuwa amesimama kwenye mstari na sare yake ya michezo na kipenga shingoni. Alimtazama mumewe, akawatazama wapagazi, akaitazama mito. Kisha akageuza uso, akaendelea kupiga kelele, "Mikono juu! Kisoda, mikono!"

Walikuwa nyuma kwa pointi nyingi. Mapumziko yalipofika, Ngongoti alikuja mbio mpaka kwenye kiti, machozi yakimlengalenga.

"Baba, anguka kidogo tu. Hata upande mmoja."

Kinyozi alikuwa amekula kiapo mbele ya mkewe na kabati kwamba hata uwanjani hafiki. Lakini uso wa yule mtoto ulimkata maini. "Ngoja," akanong'ona. Akajirusha kushoto. Mpagazi wa kushoto akampokea kama mtoto mchanga. Akajirusha kulia. Akapokewa. Akajaribu kuteleza kwenda chini, miguu mbele, wakamkamata kola na mkanda wakamrudisha na kumwekea mto mgongoni.

"Tulia, mzee wetu, utaumia."

"Niachieni nianguke!"

"Hapana, baba. Sisi tumelipwa chakula."

Kipenga kikalia. Si cha mwamuzi; cha kocha. Alikuwa amesimama nyuma ya Ngongoti, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Rudi kwa wenzako," akasema. "Muache mume wangu akae. Maisha yake yote anasimama kunyoa watu, leo amepata kiti." Ngongoti akataka kubisha, lakini kocha akamkatiza: "Msikilize mwalimu wako. Wewe ulikuwa unafumba macho mpira ukija. Nani alikufumbua? Yeye? Ana uwezo wa kuanguka tu. Nenda."

Maneno hayo yalimwingia kinyozi mahali pabaya, ila hakuwa na pa kwenda. Mito ilikuwa laini na mikono ya wapagazi ilikuwa mizito. Hivyo kwa mara ya kwanza msimu mzima alikaa akautazama mpira. Siku zote alikuwa akitazama chini, akipima wapi pana tope, wapi pana ndoo. Leo hakuwa na la kupima. Aliona Kisoda anavyopita chini ya kwapa za warefu. Aliona msichana mrefu wa kijani kila akipokea mpira anageukia kushoto, siku zote kushoto. Aliona mkewe akiinua vidole viwili na wasichana watano wakihama kwa pamoja, na akakumbuka amewahi kuona kuhama huko, mezani kwake, kwenye karatasi iliyokuwa karibu na chumvi.

Kumbe kile ndicho kilikuwa kinachorwa.

Wasichana walianza wakiwa bado wanamchungulia. Halafu mchezo ukanoga wakasahau. Pengo likapungua. Mpagazi wa kulia akaacha kushika bega akashika kichwa chake mwenyewe. Mwishoni timu zikalingana, umati ukanyamaza, na Ngongoti akapata mpira karibu na mlango ule wa zamani uliobeba kikapu. Kila mtu wa kijani akamrukia yeye. Naye, macho wazi kabisa, akauteremsha mpira chini kwa Kisoda, na Kisoda akaurusha kwa mikono miwili. Ukagonga kitasa, ukafikiri kidogo, ukaingia.

Kipenga cha mwisho kikazimwa na kelele. Watu walivunja kamba, wakamwaga ndoo, wakakanyaga chokaa. Walimbeba Kisoda, wakambeba kocha, na kipenga chake kikampiga mtu jicho. Mkuu wa Chuo mwenyewe aliruka, tena vibaya, akajikuta anampongeza mwamuzi. Wapagazi wawili waliondoka wakifutana machozi, wakasahau kiti.

Kinyozi alisimama. Hakuna aliyemshika, na hakuna aliyemtazama. Wasichana walimpita mbio, wengine wakamkanyaga vidole, na hakuna aliyegeuka. Msimu mzima aliomba siku ambayo watu wangemwacha asimame kwa heshima zake, na leo ameipata, na haikuwa tamu hata kidogo.

Bi Mkubwa akapita na kigoda chake kwapani. "Leo hata mikono hukurusha," akasema, akaendelea na safari.

*

Nyumbani kombe liliwekwa mezani katikati ya vyombo. Lilikuwa dogo kuliko lilivyosimuliwa. Kocha alikula kimya, sauti imemkauka, na kinyozi alikula kimya kwa sababu zake. Bi Mkubwa alijitazama kwenye kombe, akajisawazisha kilemba.

"Mkuu amesema uwanja unabaki," kocha akasema.

"Vizuri."

"Mwandishi wa gazeti ameniuliza jina langu. Nimemwandikia mwenyewe, asikosee."

"Vizuri sana. Hongera, mke wangu. Kweli."

"Nilivyosema kule uwanjani, kwamba unaweza kuanguka tu..."

"Ni kweli."

"Si kweli. Unanyoa vizuri."

Kinyozi akamega, akatafuna. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa tangu njiani, na hakikuwa kile mkewe alichodhani. Akaangalia sahani, akaangalia kombe, akashindwa kujizuia.

"Ila yule namba saba wako ulichelewa kumtoa."

Mkono wa kocha ukasimama njiani kwenda mdomoni. "Umesemaje?"

"Namba saba. Alikuwa amechoka, miguu inaburuta. Ningekuwa mimi ningemtoa mapema."

"Ungekuwa wewe!" Sauti iliyokuwa imekauka ilirudi yote. "Namba saba alikuwa anakabwa na wawili. Wawili! Nikimtoa, wale wawili wanakwenda kwa nani? Kwa Kisoda. Kisoda akikabwa na wawili, nani anafunga? Wewe na mito yako?"

Kinyozi akafikiri. Akakunja uso kama mtu anayepima kichwa kigumu kabla ya kukinyoa. "Sawa. Lakini mrefu wao alikuwa anageukia kushoto kila mara. Mlimwachia kushoto wazi muda mrefu."

Kocha akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kuanzia kidevu kilichonyolewa mpaka machoni, kana kwamba amemkuta mtu mpya amekaa kwenye kiti cha mumewe.

"Uliliona hilo?"

"Nililiona. Nilikuwa nimeshikwa, ningetazama wapi tena?"

"Mimi nililiona mapumzikoni. Ndiyo maana kipindi cha pili nikamhamisha Ngongoti."

"Ulimhamisha mbali mno."

"Mbali?"

"Hatua mbili zaidi kwa ndani, yule mrefu asingepata hata nafasi ya kupumua."

Bi Mkubwa akainuka, akachukua sahani yake na kipande chake cha nyama. "Nakwenda kula jikoni," akasema. "Na jikoni nitafunga mlango."

Hawakumsikia. Kocha alikuwa ameshatoa chaki mfukoni, anatafuta mahali pa kuchora.

"Ondoa hiyo sahani," akamwambia mumewe. "Ondoa na kombe. Kaa hapa, nikuonyeshe ulivyokosea."